Acheni Kuwacheka Wazazi Wanaopenda Katuni

Wasomaji wangu, leo sitaandika kuhusu Linux wala Python. Nina neno na wazazi wenzangu wa Nyeri, Karatina, Othaya, Nanyuki, Kerugoya na Embu. Nina neno pia na watu wa kazi yangu, yaani sisi tunaoandika programu. Neno lenyewe ni hili: mzazi anayeketi na mtoto wake kuangalia katuni, naye akazifurahia kwa dhati, anamlinda mtoto huyo kuliko kufuli lolote ambalo sisi watu wa kompyuta tumewahi kuunda. Mnaomcheka mnakosea.

Nimesema kuzifurahia. Sikusema kuzikagua. Mkaguzi ni yule anayepita nyuma ya kochi, anatupa jicho kwenye runinga, anauliza "hiyo mnaangalia ni nini?" na kabla hajajibiwa ameshafika jikoni. Anayefurahia anakaa chini. Anajua kwa nini yule kiboko analia. Kesho yake asubuhi, mtoto akikataa kuvaa sweta, anaiga sauti ya yule kiboko na sweta linavaliwa. Mtoto wa miaka 4 anajua vizuri sana tofauti kati ya askari na mwenzake.

Hapa mjini kwetu mwanamume mzima anaruhusiwa kuipigia runinga kelele dakika 90 kwa sababu ya timu ya London ambayo haimjui. Anaruhusiwa kununa siku mbili ikifungwa. Hakuna anayemwambia hayo ni mambo ya kitoto. Lakini juzi nikiwa kwa kinyozi nilitaja jina la katuni anayoipenda binti yangu, nikaongeza kwamba hata mimi naipenda, na kiti cha pili kikaanguka kicheko. "Mzee, kwani wewe huna kazi?" Kazi ninayo. Ndiyo maana najua ninachosema.

Wanaocheka wanadhani wanatetea mila. Mila gani? Cucu aliyekuwa akisimulia ng'ano jioni motoni hakuwa akifanya ukaguzi. Aliimba sehemu za wimbo, akanguruma kama irimu, akabana sauti kama msichana aliyenaswa, na watu wazima waliokuwa pale jikoni walitegea sikio sawa na watoto. Vitendawili navyo vilikuwa mchezo wa wote: ukishindwa kujibu, umeshindwa, hata kama una mvi. Heshima ya cucu haikupungua kwa kunguruma. Ilitoka humo humo. Kwa hiyo anayeniambia kwamba mzazi wa Kikuyu hachezi na watoto, namuuliza huyo mzazi alilelewa na nani.

Na kama mila za nyumbani hazikutoshi, nenda pale makaburini Nyeri alipozikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefariki hapa tarehe 8 Januari 1941. Kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, siku yake ya kuzaliwa, maskauti wanakuja mjini. Miongoni mwao utaona wanaume wenye vitambi, suruali fupi na skafu shingoni, wakiimba nyimbo za kambini pamoja na watoto wa darasa la nne. Mji mzima unawapisha barabarani kwa heshima. Hakuna anayewauliza kama wana kazi. Tumekubali kwamba mtu mzima anaweza kuingia katika mchezo wa watoto akabaki mtu mzima. Tunakataa tu pale mchezo wenyewe unapokuwa kwenye kioo.

Sasa ngoja niwaeleze kinachoendelea nyuma ya hicho kioo, maana hilo ndilo somo langu.

Nyumba nyingi za huku kwetu zina simu moja nzuri na akaunti moja. Mchana simu hiyo inatafuta bei ya mbolea na mahubiri. Jioni inapewa mtoto ili anyamaze chakula kiive. Programu ya mapendekezo haijui kwamba mikono imebadilika. Inachokiona ni orodha ya video, na kwa kila video, imeangaliwa sekunde ngapi, imeachwa wapi, na iliyofunguliwa baada yake ni ipi. Kutokana na hayo inakisia ni video gani itakayomshikilia huyo aliyeshika simu. Ikipatia, inaleta nyingine za aina hiyo. Ikikosea, inajaribu upande mwingine. Video ikiisha, inayofuata inaanza yenyewe.

Humo ndani hakuna mchawi. Ni hesabu. Lakini tazama kinachohesabiwa. Kwenye hifadhidata kuna safu ya sekunde. Hakuna safu ya kicheko, wala hakuna safu ya swali ambalo mtoto alimgeukia baba akamuuliza. Mtoto aliyeduwaa saa nzima na mtoto aliyesisimka saa nzima wanaandikwa sawasawa. Kampuni nyingine humtumia mtazamaji dodoso kumuuliza kama ameridhika, sawa, lakini mtoto wa miaka 4 hajazi dodoso.

Utaniambia kuna programu maalumu za watoto. Zipo. YouTube Kids ilizinduliwa mwaka 2015, ina kipima muda, na mzazi anaweza kuchagua mwenyewe video zitakazoruhusiwa. Itumie. Lakini ukumbuke mwaka 2017, ilipogundulika kwamba video zilizoiga wahusika wanaopendwa na watoto, zikiwaonyesha katika vituko vya kutisha, zilikuwa zimepenya hadi ndani ya programu hiyo ya watoto. Kichujio kilisoma majina na picha za jalada kikaona kila kitu ni salama. Mzazi aliyeketi kwenye kochi, anayeijua katuni ya kweli, angegundua ulaghai huo kwa sekunde 10. Angesema, "Huyu si yule wetu." Kichujio hakina "wetu".

Mwaka 2019 Google na YouTube walikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa kukusanya data za watoto bila idhini ya wazazi. Mwaka huo huo Kenya tulipata Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo nayo inataka idhini ya mzazi kabla data ya mtoto haijachakatwa. Mimi nazipigia makofi sheria hizi. Ila zinalinda data ya mtoto. Hazimpi mtoto mtu wa kuketi naye.

Marufuku nayo haimpi. Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilitangaza kupiga marufuku katuni sita zilizokuwa zikionyeshwa kwenye runinga ya kulipia, zikiwemo The Loud House, Hey Arnold, Adventure Time na The Legend of Korra. Mimi naamini bodi ilivuka mpaka, lakini hata wewe unayeamini ilipatia, jibu swali hili: ni wazazi wangapi waliokuwa wamewahi kuangalia hata kipindi kimoja kati ya hivyo sita? Watu walipinga na kuunga mkono kitu ambacho wengi walikuwa wakisikia jina lake kwa mara ya kwanza kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Waliovijua vipindi hivyo walikuwa watoto, na watoto hawakuulizwa. Mzazi ambaye haangalii lazima aazime maoni, ama kwa bodi, ama kwa mhubiri, ama kwa jirani. Anayeangalia ana maoni yake mwenyewe.

Kinachonitia uchungu ni kwamba kuna watu waliolielewa jambo hili zamani sana. Sesame Street ilipoanza Marekani Novemba 1969, waliyoitengeneza waliweka makusudi mizaha ya watu wazima na wageni mashuhuri ili mzazi asiondoke chumbani. Walijua kwamba mtoto hujifunza zaidi akiwa na mtu wa kuzungumza naye kuhusu alichokiona. Bluey ya Australia, iliyoanza mwaka 2018, inafanya hivyo hivyo: kila kipindi ni kama dakika saba, na baba wa mle ndani anacheza na mabinti wake mpaka anaishiwa pumzi. Mzazi anajiona, mtoto anajiona.

Usidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Hapa jirani, Dar es Salaam, Ubongo Kids ilianza kuonyeshwa mwezi Januari 2014 ikifundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na kwa nyimbo. Kama mtu wa programu, kilichonivutia zaidi ni ile njia yao ya kujibu maswali kwa SMS. Fikiria ujanja wake. Mtoto hana simu. Akitaka kujibu swali la katuni, lazima aende kwa mama mwenye simu ya vibonye, na mama lazima asome swali. Teknolojia rahisi kabisa, na imemvuta mtu mzima ndani ya mchezo. Watu hao hao wakaleta Akili and Me, kuhusu binti wa miaka 4 anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Binti yangu wa chini ya Mlima Kenya anamwona kama jirani. Kiswahili cha mle ni sanifu kuliko chetu cha mtaani, kwa hiyo tunajifunza wawili. Tena tangu tarehe 31 Machi 2020 tuna stesheni ya watoto ya bure hapa Kenya, Akili Kids. Jina linafanana tu, msichanganye. Vitu vya kuangalia vipo. Anayekosekana ni mtu wa pili kwenye kochi.

Mpaka hapa nimezungumzia watoto wadogo. Kwa matineja mambo ni mazito zaidi.

Mpwa wangu wa miaka 15 hukaa nasi likizo. Kama watoto wengi wa sekondari huku mlimani, sehemu kubwa ya mwaka yuko bweni, halafu anatupwa nyumbani wiki tatu na wazazi wanashangaa haongei. Ataongea nini? Masomo? Ndiyo kitu cha kwanza kila mtu anachomuuliza. Huyu mpwa wangu anapenda Naruto, katuni ya Kijapani yenye mamia ya vipindi, kuhusu mvulana yatima ambaye kijiji kizima kinamtenga. Nilianza kuiangalia naye, na sasa naipenda kwa haki yake. Kuna sehemu ambapo Naruto anakutana na roho ya baba yake. Kijana aliomba tuirudie. Kisha, macho yake yakiwa bado kwenye kioo, akaanza kunieleza kuhusu baba yake mwenyewe, shemeji yangu, ambaye tangu tumzike hakuwa amemtaja hata mara moja. Tuliongea mpaka saa sita usiku. Mshauri nasaha alikuwa ameshajaribu. Mchungaji alikuwa ameshajaribu. Wao walimtazama usoni na kumuuliza. Mimi nilitazama alikokuwa akitazama.

Tineja hutaka mazungumzo ya ubavuni, si ya uso kwa uso. Mchezo wa soka wa simu, wimbo wa Arbantone, video ya TikTok ya sekunde 30: hivi ndivyo vijia vya kando ambavyo bado mzazi anaweza kupita. Na gharama ya kutopita tumeiona. Juni 2024 vijana walipinga Mswada wa Fedha. Kwa wiki kadhaa TikTok na X zilijaa vichekesho, nyimbo na maelezo ya mswada huo kwa lugha zetu za nyumbani. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi, na hata hapa Nyeri vijana walikuwa barabarani. Jioni ile ploti yetu ilijaa wazazi wanaopiga simu zisizopokelewa, kila mmoja akisema hakujua kama mtoto wake anafuata mambo hayo. Yalikuwa yakipita kwenye simu sebuleni kwao, usiku baada ya usiku, yakichekesha. Mzazi aliyekuwa akicheka naye alijua mapema. Huenda asingemzuia. Lakini angalau wangeagana wakijua anakwenda wapi.

Haya, najua mtanijia na pingamizi. Nazijibu moja moja.

"Sina muda." Kuna wazazi wanaoamka saa kumi alfajiri kuchuma chai na wengine wanaoendesha matatu mpaka saa nne usiku, hao siwalaumu hata kidogo. Lakini wewe mwenye muda wa mechi mbili Jumamosi usiniambie hivyo. Kipindi kimoja kwa siku kinatosha. Ni dakika saba, kumi.

"Nitavunjiwa heshima." Tumeshalijibu kwa cucu na kwa maskauti. Naongeza mfano mmoja. Wazee waliokuwa wakinunua Taifa Leo wanaikumbuka Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau. Baba aliisoma kwanza, akacheka, halafu akampa mtoto gazeti. Wote wawili walicheka kitu kimoja, na bado fimbo ilikuwa ukutani.

"Katuni nyingine ni upuuzi mtupu." Kweli kabisa. Kuna wimbo mmoja wa watoto nyumbani kwangu ambao nikiusikia mara nyingine nitahamia Isiolo. Basi usiigize. Mtoto anaitambua furaha ya bandia mara moja. Sema wazi, "Hii siipendi, inanichosha, tutafute nyingine." Huko ndiko kumfundisha kuchagua. Angalau umetoa hukumu ya mtu aliyeona.

"Tineja anahitaji faragha." Anaihitaji, na uheshimu. Subiri ualikwe. Lakini ujue hakuna anayemwalika mtu ambaye miaka kumi amekuwa akisema "zima huo upuzi". Mwaliko wa miaka 15 unaanza kupandwa mtoto akiwa na miaka 4.

Sasa wenzangu wa programu, zamu yenu. Tumetengeneza kila kitu tukidhani mbele ya kioo kuna mtu mmoja. Akaunti ya mtoto, nywila ya mzazi, ripoti ya mzazi kila Jumapili kuonyesha mtoto ametumia dakika ngapi. Huo ni mfumo wa magereza: kuna mfungwa, kuna mlinzi, kuna rejista. Tunauita udhibiti wa wazazi na tunajipongeza. Iko wapi akaunti ya wawili? Kwa nini kipindi kikiisha programu isisimame, iweke swali moja kwenye kioo la kuulizana, isubiri? Si kazi ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Dedan Kimathi anaweza kuiandika likizoni. Haiandikwi kwa sababu familia inayosimamisha video ili ibishane kuhusu kiboko haiongezi sekunde kwenye ile safu. Kila mara bosi anapotuomba kipengele kipya cha "usalama wa watoto", mmoja wetu aulize mkutanoni: je, kinamkaribisha mzazi, au kinampa ruhusa ya kuondoka?

Wazazi, msitungoje sisi. Kochi mnalo. Likizo ijayo muulize mtoto mkubwa akuonyeshe kitu kimoja anachokipenda, na simu yako uiache chumbani. Mdogo naye usimpe simu: mpe nafasi kando yako. Kitu kikichekesha, cheka kwa sauti, hata jirani asikie kupitia mabati. Akikucheka, mwambie aje, kuna nafasi.

Wiki ijayo narudi kwenye Linux: nitaonyesha jinsi ya kugeuza kompyuta kuukuu kuwa seva ya video za nyumbani isiyohitaji bando. Mshajua nitaweka nini ndani yake.